Mita 60 kutoka ukingo wa mto: Kijana wa ramani anavyoweza kujitengenezea plagini

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Wakazi wa Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam hawahitaji kusomewa kifungu hicho. Mwishoni mwa mwaka 2015 matingatinga yalipita Kinondoni Mkwajuni na Jangwani, na mwanzoni mwa mwaka 2016 nyumba nyingine nyingi bondeni zikachorwa alama nyekundu ya X ukutani.

Sasa mchukue mtaalamu wa ramani katika halmashauri yoyote ya jiji, umuulize swali moja: ni majengo mangapi yamo ndani ya mita hizo 60, na yako katika mitaa gani? Akiwa na takwimu atakujibu, lakini si papo hapo. Atafungua tabaka la mito, atafungua la majengo, atabadilisha mfumo wa viwianishi, atachora ukanda wa mita 60, atachuja majengo yaliyoangukia humo, kisha atayahesabu mtaa kwa mtaa. Akimaliza Msimbazi, bosi atamuuliza habari za Mto Kizinga. Kesho yake ni Mzinga, keshokutwa Mpiji. Kazi ni ile ile, vitufe ni vile vile, na kila inaporudiwa kuna nafasi ya kubonyeza pasipostahili.

Kwa kazi za namna hii ndipo inapofaa programu jalizi, ambayo wataalamu wa ramani wengi huiita plagini: kiprogramu kidogo kinachochomekwa ndani ya programu kubwa na kuiongezea uwezo ambao haikuja nao. Katika QGIS, programu huria ya ramani inayotumika kuanzia vyuoni hadi serikalini, mtu yeyote anaweza kuandika plagini yake. Hahitaji kibali, halipi ada, wala hahitaji kuwa amesomea uhandisi wa kompyuta. Anachohitaji ni kujua lugha ya kompyuta ya Python kiasi cha kuanzia, kuwa na subira, na kuwa na kazi inayomkera.

Programu iliyojengwa kwa viraka vya watu wengi

QGIS ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, akiwa Alaska nchini Marekani, kwa lengo dogo tu la kupata programu ya kumwonyesha takwimu za ramani katika kompyuta yake ya Linux. Toleo la kwanza lililohesabiwa kuwa limekamilika, yaani 1.0, lilitoka Januari 2009. La 3.0 lilifuata mwaka 2018. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C++, ambayo humtoa jasho mgeni. Lakini tangu mwaka 2007 mlango wa Python uko wazi, na plagini nyingi zinazoandikwa leo hupitia mlango huo.

Hazina rasmi ya plagini za QGIS ina zaidi ya elfu moja. QuickOSM, iliyoandikwa na Etienne Trimaille, hukuvutia majengo, barabara na mito kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, bila kukulazimisha kupakua nchi nzima. Ile ya Luca Congedo ya kuchambua picha za setilaiti inajulikana na wanafunzi wengi wa misitu na kilimo. Tena baadhi ya vitu ambavyo mtumiaji wa leo huvidhani ni vya asili vilianza kama plagini. Sanduku la zana za uchakataji, ambalo karibu kila mchambuzi hulifungua kila siku, lilianza kwa jina la SEXTANTE, likawa plagini, hatimaye likaingizwa katika programu yenyewe.

Hapa kwetu, mfano ulio karibu zaidi ni InaSAFE. Plagini hii ilizaliwa Indonesia kwa ushirikiano wa serikali ya nchi hiyo, Australia na Benki ya Dunia. Unaipa ramani ya hatari, tuseme mafuriko, na ramani ya vilivyo hatarini, kama nyumba na barabara; nayo inakupa makadirio ya athari. Zana hiyo ilifika Dar es Salaam wakati wa Ramani Huria, mradi ambao tangu mwaka 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, kuzunguka na wenyeji katika kata zinazokumbwa na mafuriko, wakichora nyumba, mifereji na vichochoro. Kabla ya hapo Tandale, jijini humo, ilikuwa imeshachorwa mwaka 2011, na Kibera, jijini Nairobi, mwaka 2009. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa watu wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam.

Kwa maneno mengine, takwimu tunazo, programu tunayo, na vijana wanaojua kuitumia wapo. Kilicho adimu ni zana zilizoandikwa na watu wa hapa kwa ajili ya maswali ya hapa. Katika QGIS utapata kitufe cha karibu kila kitu, lakini hutakuta kitufe cha kifungu cha 57. Hicho mtu wa Ulaya hana sababu ya kukiandika.

Anza kwa mkono, si kwa msimbo

Wengi wanaojaribu kujifunza huanzia mahali pabaya. Wanafungua somo la Python, wanafika kwenye sura ya nne, wanachoka, wanaacha. Njia nyepesi ni kuanza na kazi yenyewe. Fanya zoezi la mita 60 kwa mkono mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa zana za kawaida za QGIS. Andika kila hatua kwenye daftari.

Ukishamaliza, fungua historia ya sanduku la zana za uchakataji. Humo utakuta jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: kila zana uliyobonyeza imeandikwa kama amri ya Python. Ulipochora ukanda wa mita 60, QGIS iliandika pembeni amri ya `processing.run`, ikifuatiwa na jina la zana, `native:buffer`, na orodha ya ulivyovijaza: tabaka la kuanzia, umbali, na mahali pa kuweka matokeo. Inakili amri hiyo, fungua konsoli ya Python iliyomo humo humo ndani ya QGIS, ibandike, na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ukanda utachorwa tena, safari hii bila kipanya.

Badilisha namba 60 iwe 30, uone. Badilisha jina la tabaka. Unganisha amri ya ukanda na ile ya kuchuja majengo, na hiyo na ya kuhesabu. Jioni hiyo hiyo utakuwa na mistari kumi hivi inayofanya kazi iliyokuwa ikikula nusu siku. Hiyo bado si plagini, ni skripti. Lakini sehemu yenye akili imekwisha, na kilichobaki ni kuitafutia kitufe.

Ndani ya folda

Ukitazama plagini kwa ndani utashangaa ilivyo ndogo. Ni folda yenye mafaili machache, nayo hukaa katika folda ya `python/plugins` ya wasifu wako wa QGIS. Huna haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Ipo plagini iitwayo Plugin Builder, ambayo kazi yake ni kuzalisha plagini nyingine: inakuuliza jina, maelezo mafupi, jina la mwandishi na toleo la chini la QGIS unalolikusudia, kisha inakutolea folda iliyokamilika, yenye kitufe kinachobonyezeka lakini hakifanyi lolote bado.

Faili la kwanza la kulijua ni `metadata.txt`. Ni maandishi matupu: jina, toleo, maelezo, mwandishi. Humo QGIS husoma plagini ni ya nani na inafaa toleo gani. Faili la pili, `__init__.py`, lina funksheni moja tu ya lazima, `classFactory`, ambayo QGIS huiita inapotaka kuipakia plagini. Inapoiita huikabidhi kitu kiitwacho `iface`, na hicho ndicho mkono wako ndani ya programu: kupitia `iface` unaongeza kitufe, unalishika tabaka lililochaguliwa, unamwandikia mtumiaji ujumbe juu ya ramani.

Faili la tatu ndilo lenye kazi yenyewe. Lina sehemu tatu za kuzikariri: `initGui`, `run` na `unload`. Plagini inapowashwa, `initGui` hupanga vitufe na menyu. Mtumiaji anapobonyeza, `run` hufanya kazi. Plagini inapozimwa, `unload` huondoa vyote vilivyowekwa. Plagini ni kama mgeni mstaarabu: akifika anatandika mkeka wake, akiondoka anaukunja. Asipoukunja utamjua haraka, kwa sababu kila unapoipakia plagini upya kitufe kingine kitaongezeka pembeni ya kile cha mwanzo, hadi upau wa zana ujae vitufe vinavyofanana.

Kuipakia upya ni jambo la kila dakika unapojifunza, na kuifunga QGIS na kuifungua kila ubadilishapo neno moja kunachosha. Plugin Reloader, plagini nyingine ndogo, humaliza taabu hiyo kwa kubonyeza mara moja. Dirisha la kujazia, lenye visanduku vya kuchagua tabaka na umbali, unaweza kulichora kwa Qt Designer kwa kuburuta na kuachia, bila kuliandika mstari kwa mstari. Na hapo ndipo pa kuandika Kiswahili: "Chagua tabaka la mito", "Umbali kwa mita", "Hesabu majengo". Afisa mtendaji wa mtaa atakayetumia zana hiyo hana sababu ya kukutana na maandishi asiyoyazoea.

Hitilafu zina adabu yake

Maandishi mekundu ya hitilafu huwakimbiza wanafunzi wengi. Somo la kwanza ni kuyasoma kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio unaotaja kosa. Mistari ya juu yake inakuonyesha njia iliyofika hapo. Hitilafu utakayokutana nayo mapema zaidi husema kwamba `NoneType` haina `getFeatures`. Tafsiri yake ya vitendo ni rahisi: uliliomba tabaka lililochaguliwa kupitia `iface.activeLayer`, na mtumiaji hakuchagua tabaka lolote. Dawa ni kuangalia kwanza kama tabaka lipo, na kama halipo kumwambia mtumiaji kwa upole badala ya kumrushia maandishi mekundu.

Hiyo ni hitilafu njema, kwa sababu inajitangaza. Ziogope zinazonyamaza. Majengo unayoyavuta kutoka OpenStreetMap huja katika mfumo wa longitudo na latitudo, unaopewa namba EPSG:4326, na kipimo chake ni digrii. Ukiiambia QGIS ichore ukanda wa 60 katika mfumo huo, itachora digrii 60. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Ukanda wa digrii 60 ukianzia Msimbazi utaimeza karibu Afrika yote, utafika Roma upande wa kaskazini na kuvuka Bahari ya Hindi hadi Mumbai. Majengo yote ya Dar es Salaam yatakuwa "ndani ya 60", na plagini haitalalamika hata kidogo.

Kwa Dar es Salaam, mfumo unaofaa ni UTM kanda ya 37 Kusini, EPSG:32737, ambao kipimo chake ni mita. Plagini nzuri haimwachii mtumiaji jukumu la kukumbuka hilo. Inaliuliza tabaka lenyewe kwa `crs().isGeographic()` kama linapima kwa digrii. Likijibu ndiyo, plagini inalibadilisha kwanza au inakataa kuendelea. Mstari huo mmoja una thamani kubwa kuliko nembo nzuri na rangi za kitufe.

Kuna pia suala la kasi. Ukiiamuru plagini ilinganishe kila jengo la jiji na kila kipande cha mto, itafanya hivyo, na QGIS itaganda hadi mtumiaji adhani imekufa. Faharasa ya kijiografia, `QgsSpatialIndex`, huipunguza kazi hiyo kwa kutazama kwanza majengo yaliyo karibu tu. Lakini usianze na hilo. Anza na mtaa mmoja, majengo mia chache, uhakikishe jibu ni sahihi. Kasi utaitafuta baadaye.

Ukingo uko wapi?

Tuseme sasa plagini inafanya kazi, inapima kwa mita, haigandi. Bado jibu lake linaweza kuwa si sahihi, na kosa halitakuwa katika msimbo.

Sheria inasema mita 60 kutoka ukingo. Katika OpenStreetMap, mto mara nyingi huchorwa kama mstari mmoja unaopita katikati ya maji. Mto wenye upana wa mita 20 ukipimwa kutoka katikati, kila upande utapungukiwa mita 10. Katika makazi yaliyobanana kama ya Bonde la Msimbazi, mita 10 ni nyumba, na nyuma yake nyumba nyingine. Sehemu nyingine za mto zimechorwa kwa poligoni ya kingo zote mbili, na hapo kipimo kinakuwa karibu zaidi na kile cha sheria. Plagini itumie kipi? Ikikuta vyote viwili ifanyeje? Ikikuta mstari peke yake, je, imwonye mtumiaji, au inyamaze?

Tena Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, haukai mahali pamoja. Mvua kubwa zinapokuja, maji hukata kingo, tope hujaa, na Barabara ya Morogoro pale Jangwani imewahi kufungwa huku kituo cha mabasi ya mwendokasi kikizingirwa na maji. Ukingo uliochorwa miaka mitano iliyopita unaweza usiwe ukingo wa leo. Kwa hiyo plagini makini huandika katika matokeo yake tarehe ya takwimu ilizozitumia, ili anayesoma namba ajue ni za lini.

Maamuzi haya hayamo katika kitabu chochote cha Python. Anayeyajua ni mtu aliyewahi kusimama bondeni, anayejua mpaka wa mtaa unapita wapi na mfereji upi hukauka kiangazi. Kila plagini inayopima kitu imebeba maamuzi ya aliyeiandika, na mtumiaji huyabeba bila kuyaona kila anapobonyeza kitufe. Mwandishi akiwa mbali na mahali, maamuzi yatakuwa ya mbali pia. Pale matokeo yanapogusa nyumba za watu, mtu ana haki ya kuuliza namba imepatikanaje. Programu huria inampa njia ya kujibiwa: msimbo uko wazi, na yeyote anayeweza kuusoma ataona ulipimia wapi.

Kuitoa nje

Ukiridhika na plagini yako, unaifunga folda katika faili la zip na kuipakia katika hazina rasmi. Leseni yake inapaswa kwenda sambamba na ile ya QGIS yenyewe, ambayo ni GPL. Plagini ya mtu mgeni hupitiwa kwanza na wasimamizi kabla ya kuruhusiwa. Unaweza pia kuiwekea alama ya majaribio, ili wanaoisakinisha wajue bado inakua. Na kama ni ya ofisi yenu tu, huhitaji hazina: faili la zip likipita kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine linatosha. Leseni inaruhusu hata QGIS yenyewe kugawiwa hivyo, jambo la msaada mkubwa kwa chuo au halmashauri yenye intaneti ya kubahatisha.

Ila ukikubali kuitoa, kubali pia kuitunza. QGIS ilipohama kutoka toleo la 2 kwenda la 3, ilihama pia kutoka Python 2 kwenda Python 3, na plagini ambazo wenyewe hawakuziandika upya zilikoma kufanya kazi. Mtumiaji naye asisakinishe kila anachokiona. Plagini huendeshwa kwa mamlaka yako katika kompyuta yako na inaweza kusoma mafaili yako, hivyo tazama kwanza nani kaiandika na ilihuishwa lini.

Vifaa vya kujifunzia vipo bure. Kitabu cha maelekezo cha PyQGIS kwa wasanidi kiko katika tovuti ya mradi, pamoja na mwongozo wa mafunzo. Utangulizi wao rahisi wa mifumo ya taarifa za kijiografia uliandikwa Afrika Kusini, kwa ufadhili wa Idara ya Masuala ya Ardhi, Eastern Cape. Vyote hivyo vilianza kuandikwa kwa Kiingereza, na hapo pana kazi nyingine inayowasubiri walimu wetu.

Vyuo vinavyofundisha upimaji, mipango miji na misitu vimeshawazoesha wanafunzi wao kutumia QGIS. Hatua inayofuata ni kuwadai plagini moja ndogo kabla ya kuhitimu, si kwa ajili ya alama tu, bali iwe zana ambayo mtaa, kijiji au shehia fulani itaitumia kweli. Nawe msomaji uliye ofisini, unayerudia hatua zile zile za ramani kila mwezi, usingoje chuo. Chukua kazi moja inayokuchosha, ifanye kwa mkono mara moja, fungua historia ya zana, na uanze na amri moja.